Uso wa Kuazima

Katika kusimamia mashindano ya michezo ya kuigiza ya shule, kazi tuliyoifanya kwa miaka mingi tukiwa watumishi wa utamaduni wilayani, tumezoea kuulizwa maswali ya namna mbili. Walimu hutuuliza habari za fedha, za usafiri na za maleba, na hayo tunaweza kuyajibu, japo mara nyingi jibu ni kwamba fedha hakuna. Wanafunzi hutuuliza mambo mengine. Msichana mmoja wa kidato cha pili, aliyekuwa amepakwa masizi chini ya macho ili aonekane mkongwe, alitufuata nyuma ya jukwaa dakika chache kabla ya zamu yake akasema: "Shikamoo, mzee. Nauliza, kama kusema uongo ni vibaya, mbona uongo huu wa usoni tunapigiwa makofi?" Tulimwitikia, tukacheka, tukamwambia awahi kwa wenzake. Lakini swali lenyewe lilibaki nasi, na kadiri tulivyolitafakari ndivyo tulivyoona kwamba hatukuwa na haki ya kulicheka.

Makala haya ni jaribio la kumjibu binti yule, ingawa tumechelewa sana. Tutajifunga katika tanzia, yaani mchezo unaomwonyesha mtu wa hadhi akianguka, kwa sehemu kwa sababu ya mambo asiyoyaweza na kwa sehemu kwa sababu ya tabia yake mwenyewe. Katika futuhi, uso uliopakwa ni mzaha unaoshirikiwa na wote. Hata ukizidi chumvi hakuna anayeumia sana. Katika tanzia watazamaji wanaombwa jambo zito zaidi. Wanaombwa wamhurumie mtu ambaye hayupo, kupitia uso wa kijana wanayemjua, mwana wa jirani, ambaye jana walimwona akiteka maji. Hapo ndipo rangi inapokuwa suala la maadili.

Kwanza tuliondoe lile lililo jepesi. Mwongo hataki ajulikane kwamba anasema uongo, na uongo ukishajulikana unakufa. Mwigizaji kila mtu anajua kwamba si yeye anayejifanya kuwa, na mchezo hufa pale watu watakapolisahau hilo kabisa, mathalani mtazamaji atakapopanda jukwaani kumwokoa anayechinjwa. Wamakonde wamelifahamu jambo hili tangu kale. Mchezaji wa mapiko huvaa kichwa cha mti kilichochongwa na kujifunika nguo mwili mzima, na hata kama adabu ya mila haimruhusu asiyepitia jandoni kumtaja aliyemo ndani, ngoma ile haikukusudiwa kumwibia mtu chochote. Wayunani wa kale nao walifanya hivyo. Masimulizi yao yanasema kwamba Thespis, anayehesabiwa kuwa mwigizaji wa kwanza wa tanzia katika mji wa Athene, alianza kwa kujipaka usoni unga mweupe wa madini ya risasi, kisha akatumia vinyago vya kitani. Waigizaji waliomfuata wote walikuwa wanaume, na mtu mmoja aliweza kuwa mfalme, kisha mtumwa, kisha mama mjane katika mchezo ule ule, kwa kubadili kinyago tu. Vinyago hivyo vimeoza vyote. Tunavijua kwa picha za kwenye mitungi na kwa mifano ya udongo na ya marumaru. Hatuoni dalili kwamba watu wa Athene walijiona wamedanganywa. Kwa hiyo uso wa mchezo si uongo. Ni uso wa kuazima.

Lakini neno hilo kuazima ndilo linalotutia katika matatizo mapya. Anayeazima jembe hulirudisha. Anayeazima nguo huivaa kwa uangalifu kuliko yake, na bado wahenga wanamwonya kwamba nguo ya kuazima haisitiri. Anayeazima uso, je? Anauazima kwa nani? Mfalme wa hadithi hana wa kumdai. Kipofu, mkoma, mzee, mwendawazimu na mtu wa taifa jingine, hao si wa hadithi tu. Wapo, wana nyuso zao, na aghalabu hawakuulizwa.

Kabla ya kuingia huko, tuseme maneno machache juu ya kazi yenyewe, maana asiyeijua kazi hawezi kuihukumu. Kupaka sura ya jukwaani ni kazi ya mwanga kuliko kazi ya rangi. Wayunani walicheza mchana kweupe mbele ya maelfu ya watu, wengine wakiwa wamekaa mbali sana, ndiyo maana kinyago kikubwa chenye kinywa wazi kiliwafaa. Waingereza wa zama za Shakespeare walikuwa na jua kwenye kumbi za wazi na mishumaa kwenye kumbi za ndani. Vijana wa kiume walipakwa weupe wakawa malkia, na weupe huo mara nyingi ulitokana na ile ile risasi inayokula ngozi. Mwaka 1817 ukumbi wa Drury Lane mjini London ulianza kuwasha taa za gesi jukwaani, na mwaka 1881 ukumbi wa Savoy katika mji huo huo ukawashwa kwa umeme. Kila mwanga ulipoongezeka, uso uliotosha jana ulionekana kichekesho leo. Mwaka 1873 mwimbaji wa opera wa Kijerumani, Ludwig Leichner, alianzisha huko Berlin biashara ya vijiti vya rangi ya mafuta visivyo na risasi, na kwa muda wa karibu miaka mia moja waigizaji wa Ulaya walijipaka rangi za Leichner wakizitaja kwa namba zake.

Sisi tulijipaka masizi ya chungu yaliyochanganywa na mafuta ya nazi, wanja wa manga, chaki, ngeu na unga wa muhogo. Vitu hivyo si vya kudharauliwa. Masizi yaliyochanganywa vizuri hayachuruziki kwa jasho, na jasho ndilo adui mkubwa wa jukwaa la pwani. Kinachokosekana mashuleni ni ujuzi. Mwanafunzi akitaka kumzeesha mwenzake humchora mistari mitatu myeusi kwenye paji la uso kama anayepiga mistari ya daftari. Mwenye ujuzi humwambia mwigizaji akunje uso, akaifuata mikunjo aliyopewa na Mungu, kisha akaangalia mashimo: kwenye panja, chini ya mifupa ya mashavu, kwenye vikombe vya macho. Tena katika ngozi nyeusi kama zetu, kivuli pekee hakionekani mbali. Kinachofanya kazi ni mng'ao, yaani rangi iliyo nyepesi kidogo kuliko ngozi, ikiwekwa juu ya mfupa ili shimo lililo kando yake lijionyeshe lenyewe. Vitabu vingi vya kigeni vya fani hii viliandikwa kwa ngozi nyeupe na vikasahau kusema hivyo. Poda iliyotengenezwa kwa ngozi hizo ikipakwa kwa mtu mweusi humgeuza rangi ya majivu, akaonekana mgonjwa hata kama anaigiza shujaa.

Hapa hatuna budi kutaja jambo ambalo tumeliona zaidi ya mara moja na ambalo limetukera. Mwalimu Julius Nyerere alitafsiri tanzia ya Shakespeare na kuitoa mwaka 1963 kwa jina la Julius Caezar, akaisahihisha na kuitoa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Alikuwa Rais wa nchi, na kazi za nchi changa zilikuwa nyingi, lakini aliona inafaa Warumi wale waseme Kiswahili. Sasa unakwenda kwenye shule fulani, unakaa, pazia linafunguliwa, na Warumi wanaingia wakiwa wamepakwa unga wa ngano kutoka kwenye nywele hadi shingoni, mikono ikiwa myeusi. Tukimwuliza mwalimu sababu anasema, "Mzee, si walikuwa Wazungu?" Lakini walikuwa Warumi pia, na hatukuwasikia wakisema Kirumi! Kama ulimi umekubali kuwa wetu, uso umekosa nini? Unga ule haumwambii mtazamaji neno lolote juu ya tamaa ya Kasio wala juu ya dhamiri ya Bruto. Unamwambia kwamba mambo makubwa ya ulimwengu hutokea kwa watu weupe, na kwamba sisi tukitaka kuwa na mambo makubwa sharti tuazime ngozi. Hilo silo alilolikusudia mtafsiri.

Sasa tuje kwenye kosa letu wenyewe, maana si haki kuwasema walimu tukajificha.

Mwaka 1986 tulikuwa kidato cha tatu katika shule moja ya bweni. Mwalimu wetu wa fasihi alichagua Mfalme Edipode, tanzia ya Myunani Sofokile iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na S. S. Mushi na kutolewa mwaka 1971. Wasomaji wengi wanaikumbuka hadithi. Mji wa Thebe umeingiliwa na tauni kwa sababu muuaji wa mfalme wa zamani hajaadhibiwa. Mfalme Edipode anaapa kumtafuta. Anamwita mwaguzi kipofu, Teiresia, ambaye anaongozwa na mtoto. Teiresia hataki kusema, na anapolazimishwa anasema kwamba muuaji ni mfalme mwenyewe. Edipode anaghadhibika na kumtukana mzee yule kwa upofu wake. Mwishowe ukweli unadhihirika: Edipode alimwua baba yake na kumwoa mama yake, bila kujua. Anachukua pini za vazi la mama huyo aliyejinyonga, na kwa hizo anajitoboa macho.

Sisi hatukuwa na sauti ya kuigiza, basi tukapewa kazi ya kupaka. Tulitaka sana Teiresia wetu aonekane wa kweli. Na karibu na lango la shule, chini ya mwembe, alikuwapo mzee mmoja kipofu aliyesuka kamba za katani. Sote tulimjua, naye alitujua kwa vishindo vya miguu yetu. Alikuwa akimwita mtu kwa jina kabla hajasalimiwa. Jicho lake moja lilifunikwa na utando mweupe, shavu lake lilikuwa na kovu lililovuta mdomo upande, na alikuwa na namna yake ya kuinamisha kichwa begani. Kwa siku tatu tulikwenda tukakaa mbele yake tukijifanya tunanunua kamba, nasi tulikuwa tunamwangalia. Hakujua anaangaliwa. Tulipaka kope za mwigizaji wetu chaki iliyolowekwa katika mafuta. Kovu tulilitengeneza kwa uji mzito wa muhogo, ambao ukikauka huikunja ngozi na kuivuta. Mwigizaji tulimfundisha lile begani. Tuseme kweli, ilikuwa kazi nzuri kabisa ya mkono. Hatujafanya nyingine iliyofanana na yule mtu kiasi kile.

Wanakijiji walialikwa. Teiresia alipoingia akiongozwa na mtoto, ukumbi mzima ulilipuka kwa kicheko, na wanafunzi wa nyuma wakaita kwa sauti jina la utani la mzee wa kamba. Mzee mwenyewe alikuwa amekaa safu ya mbele na mjukuu wake. Tulikuwa tumesimama kando ya jukwaa, kopo la rangi mkononi, hatua mbili kutoka kwake. Aligeuza sikio upande wetu, akatutaja kwa jina, akauliza, "Mjukuu wangu, wanamcheka nani?"

Tukasema, "Wanamcheka mfalme, babu."

"Mfalme kafanya nini?"

Hatukujibu. Mjukuu wake, ambaye alikuwa na macho, naye hakusema kitu. Mzee alikaa hadi mwisho.

Mchezo uliharibika. Kicheko kikishapata mfereji hakizuiliki, na Edipode alipotoka mwishoni, damu ikimchuruzika mashavuni, mahali ambapo Sofokile aliwafanya hata wazee wa mji washindwe kumtazama, wenzetu walicheka tena. Mwalimu wetu alidhani lawama ni ya mwigizaji wa Edipode, akamkemea. Sisi tulijua lawama ni ya nani, tukanyamaza.

Tumelirudia tukio hili mara nyingi katika mawazo, na kuna jambo moja ambalo lilituchukua miaka kuliona. Katika tanzia ile, kosa la Edipode la hadharani, analolifanya mbele ya macho yetu kabla hatujajua habari ya baba na mama, ni kumdhihaki kipofu. Anayemdhihaki ndiye mwenye kuona mwongo, na saa chache baadaye yeye mwenyewe anatoka kipofu. Sisi tulikuwa na maneno yale mkononi, tumeyanakili kwenye daftari, tumeyasikia katika mazoezi kila jioni. Tukafanya kile kile. Tena wahenga wanasema asiyekuwapo na lake halipo; lakini mzee yule alikuwapo, amekaa safu ya mbele, na lake halikuwapo vilevile. Rangi yetu haikusema chochote juu ya Teiresia, mtu ambaye mfalme anamwogopa. Ilisema jambo moja tu: kwamba mzee wa kamba anafanana na kichekesho.

Kwa kuwa tumeanza kukiri, tuseme pia kwamba uongo wa jioni ile haukuwa usoni mwa mwigizaji. Ulikuwa kinywani mwetu.

Kosa la namna hiyo limefanywa na watu wakubwa kuliko sisi na katika kumbi kubwa kuliko ule wa shule yetu. Shakespeare aliandika tanzia ya Othello, mtu mweusi aliye jemadari wa Venisi, nayo ilichezwa mbele ya Mfalme James katika kasri ya Whitehall tarehe 1 Novemba, 1604. Aliyekuwa Othello katika kundi hilo alikuwa Richard Burbage, Mwingereza mweupe aliyejipaka weusi. Kwa zaidi ya miaka mia mbili baada yake Othello wa Uingereza alikuwa mtu mweupe aliyejipaka kizibo cha chupa kilichochomwa, au masizi. Edmund Kean, bingwa wa zama zake, alipunguza weusi huo mwaka 1814 akawa kahawia, kwa hoja kwamba weusi mwingi unaficha miondoko ya uso. Hoja hiyo tunaomba msomaji aipime mwenyewe mbele ya kioo. Weusi unaoficha miondoko ni ule wa masizi. Ule wa ngozi hauja kumficha mama yetu yeyote alipokasirika.

Kean alizimia jukwaani akiwa Othello mwezi Machi 1833, na mwezi uliofuata nafasi yake katika ukumbi wa Covent Garden ilichukuliwa na Ira Aldridge, Mmarekani mweusi aliyezaliwa New York mwaka 1807. Baadhi ya magazeti ya London yalimshambulia kwa matusi ya rangi, naye akaondolewa baada ya siku mbili. Aliendelea kuigiza mikoani, kisha akazunguka Ulaya hadi Urusi, akatunukiwa heshima na wafalme, akafa mwaka 1867 katika mji wa Łódź huko Poland. Jambo linalotuhusu hapa ni hili: Aldridge hakucheza Othello tu. Alicheza pia Makbeth, Shailoki na Mfalme Lear, na alipowacheza hao alijipaka weupe.

Msomaji mwepesi wa hoja atatukamata hapo hapo. Atasema, "Mbona mnawakataza wanafunzi unga wa ngano, na Burbage mnamlaumu kwa masizi, halafu Aldridge mnamsifu kwa weupe? Ama kila mtu aruhusiwe kuazima uso wa kila mtu, ama asiruhusiwe yeyote, na hapo hakuna mchezo tena, kwa sababu tajiri hatamwigiza maskini, wala mzima hatamwigiza mgonjwa." Hoja hiyo ni nzito, wala hatutaipuuza. Sisi wenyewe hatutaki jukwaa ambalo kila mtu anajiigiza mwenyewe. Hilo si jukwaa, ni ofisi ya vitambulisho.

Tunadhani tofauti haimo katika rangi. Imo katika kujua kama mwenye uso anaweza kujibu. Watu weupe waliomwona Aldridge amekuwa Lear walikuwa na majukwaa yao, magazeti yao na wafalme wao. Weupe wa Aldridge haukuwapunguzia kitu, na wala hakuwaomba watu wawacheke. Lakini katika miaka ile ile ya 1830, huko Marekani, Thomas Rice, mtu mweupe, alijipaka kizibo kile kile kilichochomwa, akavaa matambara, akaruka na kuimba akijifanya mtumwa mweusi anayeitwa Jim Crow, na watu wakajaza kumbi kumcheka. Jina hilo baadaye likawa jina la sheria za ubaguzi wa rangi katika majimbo ya kusini. Watumwa hawakuwa na ukumbi wa kujibia. Kwa hiyo kizibo kilikuwa kimoja, na kilikwisha pata maana kabla ya kumfikia mwigizaji wa Othello aliyekuja baadaye, hata akiwa na nia njema. Laurence Olivier alipoicheza Othello London mwaka 1964, alijipaka weusi mwili mzima akausugua kwa kitambaa hadi ukang'aa, na filamu ikatengenezwa mwaka 1965. Ustadi wake haukanushiki. Lakini leo wengi wanaoitazama filamu ile huona kwanza rangi, na kabla hawajafika kwa Othello wamechoka. Mwaka 2015 jumba la Metropolitan Opera la New York liliamua kuacha kumpaka weusi mwimbaji wa Otello. Kwa upande mwingine tunaye Paul Robeson, aliyeicheza London mwaka 1930 na New York kuanzia mwaka 1943. Na tunaye John Kani, aliyeicheza katika ukumbi wa Market mjini Johannesburg mwaka 1987, wakati makaburu wangali wanatawala. Kani alipomkumbatia Desdemona mweupe mbele ya watu wa mji ule, hakuhitaji kijiti cha Leichner kuonyesha hatari iliyokuwapo.

Wamakonde nao walichonga mapiko ya Mzungu na ya Mwarabu, wakayacheza kwa kejeli wakati wa ukoloni. Hatuwalaumu hata chembe. Mnyonge anayemkejeli mkubwa anafanya kazi nyingine, na tena hiyo si tanzia.

Tukirudi sasa kwenye kopo la rangi, mpakaji wa tanzia hana budi kujiuliza kwa kila alama anayoiweka: je, alama hii inamsogeza mtazamaji karibu na anayeteseka, ama inampa mtazamaji mahali pa kujificha? Kicheko ni maficho. Kinyaa nacho ni maficho. Siku hizi wanafunzi hujifunza kwenye simu namna ya kutengeneza jeraha la bandia, na wanalitengeneza vizuri hadi mtu anageuza uso. Edipode akitoka na mboni zikining'inia, watu hawamwoni Edipode. Wanaona ufundi wa jeraha. Wayunani, ambao hawakuwa watu laini, hawakulionyesha tendo lile la kujitoboa. Lilitendeka ndani ya nyumba, mjumbe akatoka kulisimulia, na ndipo mfalme akaonekana. Kwa uzoefu wetu inatosha kivuli kizito kwenye vikombe vya macho, na michirizi miwili isiyolingana urefu. Damu ya jukwaani huchemshwa kwa sukari na choya, ikiongezwa kakao kidogo isiwe nyekundu kama soda. Na mwalimu aijaribu chini ya taa zile zile zitakazotumika, kwa kuwa chini ya taa ya kijani au ya buluu damu nyekundu huwa nyeusi kama lami.

Mfano mkubwa wa kujizuia uko katika Makbeth, ambayo nayo Mushi aliitafsiri, mwaka 1968. Baada ya mfalme kuuawa, mikono ya Makbeth na ya mkewe imejaa damu nasi tunaiona. Mkewe anasema maji kidogo yatatosha. Mwishoni mwa mchezo mwanamke yule anatembea usingizini akiisugua mikono yake kwa sababu ya doa lisilotoka. Tumeshuhudia shule zikimpaka damu katika onyesho hilo, wakidhani wanamsaidia mtazamaji. Wanamnyang'anya. Mikono ile sharti iwe safi kabisa, imeoshwa na kukauka, na kila mtu ukumbini aone kwamba ni safi isipokuwa mwenye mikono. Hapo kazi yote ya mpakaji ni kutopaka. Kinjeketile wa Ebrahim Hussein, tanzia yetu ya mwaka 1969, anatudai jambo kama hilo: anatoka mtoni akiwa mkavu. Mpakaji mmoja alitaka kumpaka mafuta ang'ae kama mtu wa miujiza. Tulimwomba amwache hivyo hivyo, mwili mkavu wenye vumbi, ili watu wa jukwaani waamini na sisi tuliokaa tusiwe na hakika.

Mwaka uleule tuliostaafisha kopo letu la rangi na kubaki waamuzi tu, tulikwenda kwenye shule moja ya kutwa iliyocheza Mfalme Edipode. Teiresia alikuwa msichana. Bibi yake alikuwa kipofu, na kwa mujibu wa mwalimu wake, ni bibi aliyemfundisha. Hakupakwa chaki wala kovu. Macho yake yalikuwa wazi, hayakutazama popote. Alipokuwa akisemeshwa hakumgeuzia mfalme uso, alimgeuzia sikio, kama yule mzee wa kamba alivyotugeuzia sisi. Na Edipode alipofika kwenye lile tusi la upofu, binti yule alingoja kidogo, akapapasa bega la mtoto anayemwongoza kuhakikisha kwamba bado yupo. Ukumbi ulikuwa kimya. Bibi alikuwapo, amekaa mbele, na hakuna aliyelazimika kumwambia kitu.